Harusi Iliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Ukifika Furu, mtaa wa Butembo, upande ule wa chini ambako barabara inaacha kujifanya barabara, uliza nyumba ya Papa Montage. Ukimtaja kwa jina lake, Zorobabel Mathe, utaulizwa Mathe yupi, maana akina Mathe wa Butembo ukiwapanga mstari wanafika Lubero. Papa Montage ni mmoja tu. Ndiye anayepiga video za harusi, kisha anazikata na kuziunganisha ndani ya kompyuta yake hadi ziwe sinema. Kwa miaka mingi hakuna bibi harusi wa upande huo ambaye uso wake haujatokea katikati ya ua la waridi, ukazunguka taratibu, kisha ukazama katika maporomoko ya maji ambayo hayapo popote Kivu ya Kaskazini. Maporomoko hayo aliyakuta ndani ya programu yake ya kwanza, na anayatunza kama shamba la urithi. Vijana humwambia kwamba yamepitwa na wakati. Yeye hujibu kwamba maji hayazeeki.

Hakuna shule iliyomfundisha kazi hii. Butembo haikuzoea kungoja. Waliochoka kungoja umeme walijitafutia umeme, waliochoka kungoja chuo walijenga chuo, na Zorobabel, aliyechoka kungoja mtu wa kumwonyesha kompyuta inavyofunguliwa, alinunua bisibisi. Aliharibu ya kwanza, akaharibu ya pili, ya tatu ikamhurumia. Tangu hapo hakubali mkono mwingine uiguse mashine yake, na akikuta mtu amesimama karibu nayo na chupa ya soda, humsindikiza hadi nje kwa adabu kubwa.

Ndani ya mashine hiyo kuna kipande anachokiheshimu kuliko vyote, carte graphique, yaani kadi ya picha. Ndiyo inayotengeneza kila kinachoonekana kwenye skrini. Bila kadi hiyo kompyuta yake ni sanduku lenye kelele na joto, basi. Ilifika kutoka Kampala ikiwa imekwisha tumika, ina feni mbili, na wageni huonyeshwa kadi hiyo kama nyumba nyingine zinavyoonyesha mtoto aliyepata diplome.

Mke wake, Jokébed, ana ufundi wake mwingine. Anafuma kwa krosheti. Katika salon, yaani sebule yao, kila kitu kimevaa: viti, redio, televisheni, hata thermos. Kompyuta ina gauni la sufu lenye tundu la kuwashia na matundu ya kupumulia, na Zorobabel, ambaye hamruhusu fundi yeyote aiguse, hajawahi kuthubutu kulivua gauni hilo bila kuomba ruhusa.

Mwezi uliopita wawili hao walimwoza binti yao wa kwanza, Bénite, huko Beni kwa wakwe. Melchior, mwenye studio karibu na soko, mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye zamani alijifunza kushika kamera kwa Zorobabel, alikuja mapema kumwomba maître wake, yaani mwalimu wake, ampe kazi ya kamera.

"Maître, siku ile weye uko papa. Acha mimi nifilme."

"Na ukikata kichwa ya mutoto yangu mu cadre ya picha?"

"Nilisha kukata kichwa ya nani?"

"Ya pasteur, ku Pasaka."

"Pasteur ni murefu, maître."

Zorobabel hakushawishika. Alipiga video ya harusi ya binti yake mwenyewe, na zaidi ya hapo akapeleka sanduku zima la kompyuta Beni, ili picha za kanisani asubuhi zionyeshwe kwa wageni kwenye karamu jioni. Alikaa mchana kutwa chumbani akikata na kuunganisha, huku wageni wakimuuliza Jokébed kama mume wake ni mgonjwa. Jioni, sinema ikiwa tayari, groupe ya umeme, yaani jenereta, ikazimika na haikuwaka tena. Mwenye groupe akalaumu mafuta, mwuza mafuta akalaumu groupe, na harusi ikaendelea kwa ngoma. Hakuna aliyeiona sinema ile. Wala Zorobabel hakumpa mtu nakala, eti bado anaipamba.

Wakati wa kurudi Butembo alifanya kama wanavyofanya wote wanaoijua barabara ya Beni: kitu chenye thamani hakiachwi kwenye mzigo, kinakaa mwilini. Alichomoa kadi ya picha ndani ya sanduku ili isitikiswe ikavunjika. Wakati wa kwenda Beni alikuwa ameifunga kwa gazeti, na gazeti lilifika vipande vipande. Safari hii alimwomba Jokébed aifumie kifuko. Jokébed akachukua sufu ya mauve, zambarau iliyopauka, iliyobaki kwenye mitandio ya wasindikizaji wa bibi harusi, akakifuma usiku mmoja, na kadi ikasafiri kifuani mwake, chini ya kitenge, kama mtoto mchanga. Pale Kalunguta gari lilipopanda jiwe na watu wote wakagonga vichwa, Zorobabel hakujishika kichwa. Alishika kifua cha mke wake, na abiria wakatazama nje kwa heshima.

Walipofika nyumbani aliirudisha kadi mahali pake, akafunga sanduku, Jokébed akalivisha gauni. Kisha wiki zikaenda na wageni wa kutoa pongezi, na mashine haikuwashwa. Yeye mwenyewe alipenda iwe hivyo. Alitaka mtu wa kwanza kuiona sinema awe mama yake.

Mama yake, ambaye wote humwita Koko Victoire, yaani Bibi Victoire, anaishi Masereka. Mguu wake ulikuwa umevimba siku za harusi na hakuweza kwenda Beni. Mguu ulipopoa alitoa habari kwamba atashuka Butembo Jumamosi na lori la viazi, na kurudi nalo Jumatatu alfajiri. Siku ya kuongeza haikuwepo. Wanawake wa kilima chake hulimiana mashamba kwa zamu, na Jumanne ilikuwa zamu ya shamba lake. Ukiikosa zamu yako unangoja mzunguko mzima, maharagwe hayakungoji.

Alishuka kwenye kabini ya lori, amevaa kitenge kile kile cha harusi alichokuwa ameshonewa, ingawa harusi ilikuwa imepita. Kabla hajakaa alisema alichokuja kutafuta.

"Nimekuya kuona namna mutoto yangu anatoa mutoto yake. Papa yako alikufa mbele ya kutoa dada zako, ni banoko, bajomba zenu, njo balibatoa. Ku hii nyumba yetu sijaona hata siku moja papa anatoa binti yake. Kesho kutwa napanda. Munionyeshe, nirudie na roho nyeupe."

"Utaona yote, mama," alisema Zorobabel. "Hata kope za Bénite utazihesabu."

Akavua gauni la kompyuta, kwa ruhusa, akabonyeza.

Feni zikazunguka. Kisha kikasikika kilio kimoja kirefu na viwili vifupi. Skrini, kwa akili yake yenyewe, ikaandika kwa Kifaransa kwamba haipokei chochote kutoka kwenye kompyuta, ikalala.

"Inalia nini?" aliuliza Koko Victoire.

"Inasalimia, mama."

Akazima, akawasha. Ikasalimia tena kwa sauti ile ile.

Zorobabel aliijua salamu hiyo. Kompyuta ikiamka hujipapasa kwanza kuona kama viungo vyake vyote vipo. Ikikosa kiungo huandika kosa kwenye skrini. Lakini ikikosa kadi ya picha haiwezi kuandika, maana mwandishi mwenyewe ndiye hayupo. Basi hulia. Kilio kirefu na vifupi viwili, kwa mashine ile, maana yake ni: kadi ya picha siioni.

Alianza na rahisi. Alizungusha sanduku kuangalia kebo ya skrini, akakuta ameichomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe, ambalo kwa mashine ile ni pambo tu, na si kwenye tundu la kadi. Ni kosa la mtoto wa shule. Aliihamisha upesi, mgongo wake umelikinga sanduku.

"Unaficha nini?" aliuliza Jokébed kutoka mlangoni.

"Naangalia vumbi."

Akawasha. Kirefu kimoja, vifupi viwili.

Akafungua sanduku juu ya meza ya kulia. Kadi ilikaa wima mahali pake, waya wake wa umeme umeingia vizuri. Akaichomoa, akachukua gomu ya kufutia penseli, dawa ambayo mafundi wote wa Butembo huitoa kwa kila ugonjwa wa kompyuta, akasugua meno ya dhahabu ya kadi hadi yakang'aa. Akasugua na yale ya memori, ingawa memori haikuwa imefanya kosa lolote. Akatoa betri ndogo ya ndani, akaiweka mfukoni muda wa kunywa chai, akairudisha. Kila mara alichomeka kadi kwa nguvu zaidi, akawasha, na kila mara mashine ilimsalimia mama yake.

"Iko na heshima," alisema Koko Victoire. "Lakini haisongei mbele."

Habari haikai ndani ya nyumba Furu. Shemasi Zacharie alikuja kumsalimu Koko, akajikuta kwenye uchunguzi. Alitazama ndani ya sanduku akiwa ameweka mikono nyuma.

"Ilikaa ku Beni siku ngapi?"

"Siku kidogo tu, shemasi."

"Njo hiyo. Ilizoea courant ya umeme ya kule."

Mama Agar, jirani wa ukuta mmoja, alileta habari kwamba kompyuta ya shemeji yake ililia hivyo hivyo, na ndani walikuta mende aliyekufa na familia yake. Zorobabel alimwambia kwamba hapa hakuna mende. Jokébed akamtazama Mama Agar kuhakikisha amesikia hivyo. Kila mmoja alikuwa na la kusema, na Zorobabel aliwajibu wote kwa upole wa mtu anayesaga meno.

"Tumuite Melchior," alisema Jokébed.

Bisibisi ikasimama hewani.

"Melchior wa nini?"

"Atoe tu ile disque, aitie mu ordinateur yake, mama aone harusi. Saa moja imeisha."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu iliuma. Sinema ilikuwa nzima ndani ya diski. Kilichokufa ni njia ya kuionyesha. Kompyuta yoyote nzima ingeifungua, na kompyuta nzima iliyokuwa karibu ilikuwa ya Melchior.

"Film ya mutoto yangu ianze kuonekana kwa Melchior? Kesho soko yote itasema Papa Montage alipeleka mashine yake hôpital kwa mwanafunzi wake."

"Melchior ni nani?" aliuliza Koko Victoire.

"Ni mutu nilimufundisha kushika camera, mama."

"Alijua?"

"Alijua kidogo."

"Basi mwalimu njo alifundisha kidogo."

Mama Agar alikohoa kwenye kitenge chake. Zorobabel aliomba apewe hadi kesho baada ya ibada. Mama yake alisema kesho ni sawa, ila asisahau kwamba lori la viazi halina ibada.

Jumapili alikuwa kanisani kwa mwili tu. Kwaya iliimba, yeye alikuwa anafungua sanduku kichwani. Kadi imekufa? Iliondoka Beni hai. Barabara iliiua? Ilikuwa imebebwa kifuani, na aliyekuwa ameibeba alifika mzima. Kama kadi ni nzima na waya ni mzima, basi ubaya uko pale vinapokutana. Alipofika hapo alisema "ndiyo" kwa sauti, na kwa bahati nzuri pasteur alikuwa ameuliza jambo linalojibiwa ndiyo.

Kwenye mlango wa kanisa mama yake alikuwa ameshaalika. Alisimama na fimbo yake akiwaambia kina mama kwamba leo mtoto wake anaonyesha harusi. Zorobabel aliona kundi la mitandio likigeuka kuelekea nyumbani kwake, naye akatangulia karibu na kukimbia.

Alilibeba sanduku hadi dirishani, akalilaza ubavu ili mwanga uingie. Akachomoa kadi. Safari hii hakuitazama kadi. Alitazama mfereji mwembamba inamoingia, mweusi kama pengo la jino, akainama hadi pua ikagusa chuma. Na kule chini, kabla ya mwisho wa mfereji, kuna kitu kilikuwa kimejilaza kama mnyoo mdogo. Kilikuwa cha rangi ya mauve.

Kifuko cha sufu kilikuwa kimeacha uzi kwenye meno ya kadi. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa fundi, aliuingiza ndani, na kila alipoichomeka kadi kwa nguvu zaidi aliukandamiza zaidi. Meno ya dhahabu yalikuwa yamekalia godoro.

Alikaa akiutazama uzi ule. Kumwambia mke wake kwamba sufu yake ndiyo iliyozuia harusi ni jambo ambalo mtu hulifikiria mara kadhaa, hasa akikumbuka nani aliyeomba kifuko.

"Mama Bénite," aliita taratibu, "ile kipensi yako ya kutolea nyusi iko wapi?"

Jokébed alikileta kibano hicho.

"Unataka kujipamba?"

"Kuna vumbi ndani."

Alichokoa kwa pumzi iliyobanwa. Uzi ukatoka wote, mrefu kuliko alivyodhani. Aliufinya upesi mkononi, lakini Jokébed alikuwa bado amesimama nyuma yake.

"Vumbi ya mauve," alisema. "Hiyo haijaonekana Butembo."

"Ni ya Beni," alisema Zorobabel.

Jokébed aliondoka akicheka kwa mabega tu, bila sauti, na huo ndio wema wake.

Alipuliza mfereji, akasugua meno ya kadi mara ya mwisho, akaichomeka bila nguvu. Ikaingia, ikatoa mlio mdogo wa kitasa kinachokubali. Akabonyeza. Kilio kimoja tu, kifupi, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Kisha skrini ikawaka, samawati, nzuri kama anga la Lubero mvua ikikatika.

"Leo imesalimia mara moja tu," alisema Koko Victoire, ambaye alikuwa ameshachukua kiti cha mbele.

Salon ilijaa hadi mlangoni. Zorobabel alikaa kwenye mashine, mkono kwenye souris, kipanya cha kompyuta, mgongo wima. Sinema ikaanza. Jina la Bénite likaandikwa kwa dhahabu, uso wake ukatokea ndani ya ua, ukazunguka, ukazama majini, na kina mama wakasema eeh kwa pamoja. Kanisa la Beni likaonekana kutoka nje, kisha kutoka ndani. Wasindikizaji wakaingia na mitandio yao. Mlango ukafunguka, na Bénite akaja katikati ya viti, mweupe kutoka kichwani hadi chini, mkono wake umeshikwa na mwanaume mnene aliyevaa kravati nyekundu.

"Huyu ni Ananie," alisema Koko Victoire.

"Ndiyo, mama. Ni Ananie."

"Mudogo yako."

"Ndiyo."

Alitazama kidogo tena. Ananie alitembea kwa maringo, akitoa meno kwa kila upande.

"Ananie alimuzaa lini?"

Mtu mmoja mlangoni alianza kucheka, akaacha.

"Mama, miye nilikuwa nyuma ya camera. Mutu alikuwa lazima amuleteko."

"Sawa. Peleka mbele. Pale unatokea."

Zorobabel akapeleka mbele. Bénite mbele ya pasteur. Bwana harusi anatoka jasho. Pasteur anafungua kinywa kuuliza ni nani anayemtoa binti huyu, na hapo hapo muziki ukapanda na kundi la njiwa likaruka kutoka pembe ya skrini, likafunika kila kitu. Njiwa walipopita, tayari pete ilikuwa kidoleni.

"Peleka mbele," alisema mama yake.

Akapeleka. Kwaya. Sahihi. Zawadi, mbuzi wawili wenye utepe. Jokébed akilia, Jokébed akicheza. Ananie akila, Ananie akila tena. Akafika mwisho, na jina la studio yake likazunguka likang'aa. Katika sinema nzima ya harusi ya Bénite, baba wa Bénite hakuwa na hata kivuli.

Aliwahi kuitazama sinema ile mara nyingi alipokuwa anaitengeneza. Alitafuta mwanga mbaya, alitafuta vichwa vilivyokatwa. Hakuwahi kujitafuta yeye.

Koko Victoire hakukasirika, na ingekuwa afadhali. Alikunja ncha ya kitenge chake juu ya goti.

"Ni muzuri," alisema. "Bénite ni muzuri sana. Nitaambia watu ku Masereka kama alitolewa."

Hakusema na nani. Kina mama wakaanza kuangalia vitambaa vya krosheti kana kwamba vimefumwa dakika ile. Zorobabel akarudisha sinema nyuma bila kujua anatafuta nini, akaiacha pale Bénite anapoingia, akakaa tu na souris mkononi.

"Na huyu kijana," alisema mama yake akinyoosha fimbo kwenye skrini, "mbona anapiga photo ku upande mubaya?"

Zorobabel akatazama. Kwenye viti vya kando ya njia, mtu mmoja alikuwa amesimama na simu juu. Watu wote wamegeuka kumtazama bibi harusi. Yule peke yake simu yake inatazama kamera moja kwa moja, yaani inamtazama yeye Zorobabel. Alisimamisha picha. Ilikuwa wazi kama mchana. Ni Melchior.

Alitoka hadi barazani na simu yake. Ndani wote walinyamaza ili wasikie vizuri.

"Allô, maître."

"Melchior. Siku ya harusi ulikuwa unafilme?"

Sahani ilisikika ikisukumwa kando.

"Na téléphone tu, maître. Nilijua hautapenda."

"Sipendi. Uko nayo?"

"Niko nayo."

"Kuya nayo. Mama yangu iko hapa." Akageukia ukuta. "Na kuya na câble."

Melchior alifika kwa pikipiki, akiwa bado na mchuzi pembeni mwa mdomo, maana alikuwa mezani. Alimsalimu Koko kwa mikono miwili. Hakuuliza lolote juu ya sanduku lililo wazi dirishani wala juu ya bisibisi zilizotapakaa. Huenda alikuwa ameshasikia kila kitu sokoni tangu jana. Alichomeka simu, akasimama kando.

Picha ilikuwa inacheza-cheza, bila ua, bila dhahabu. Katikati ya kanisa, mtu mwembamba mwenye koti jeusi anatembea kinyumenyume mbele ya binti yake, kamera kwenye jicho. Anakanyaga mguu wa mzee mmoja. Anaomba radhi kwa mkono bila kugeuka. Anafika kwenye ngazi, hazioni, anayumba, na mwanaume wa protokali, mpanga wageni, anamdaka kwa mkia wa koti.

Kina mama walikuwa wanajaribu kutocheka. Koko Victoire hakujaribu. Alicheka hadi fimbo ikaanguka.

Kisha pasteur akauliza. Safari hii hapakuwa na muziki juu ya sauti yake. Aliuliza ni nani anayemtoa binti huyu, na Ananie akavuta pumzi, akajinyoosha kravati. Kabla hajatoa neno, sauti nyembamba ikatoka nyuma ya kamera.

"Ni mimi. Ni mimi papa yake."

Mkono mmoja uliinuka juu kama wa mwanafunzi darasani. Mkono mwingine uliokuwa umeshika kamera ulishuka, na uso wa Zorobabel ukatokea wote, umelowa hadi kwenye kola. Bénite akavunja taratibu zote za ibada, akapiga hatua mbele na kumpangusa baba yake kwa glovu nyeupe. Ndicho Zorobabel alichokuwa amekifunika kwa njiwa.

Zorobabel alikuwa anaikagua kebo ya simu, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Rudisha," alisema mama yake.

Melchior akarudisha. Akaitazama tena, midomo inatembea pamoja na yale maneno. Akaomba mara ya tatu, na mara hii alishika mkono wa Jokébed.

"Njo yeye," alimwambia. "Unaona? Njo yeye. Hata akiwa mutoto, akilia anainua kidevu hivyo."

"Naona, mama," alisema Jokébed, macho yake yakiwa yanachunguza upande mwingine wa picha. "Naona na koti. Melchior, simamisha pale protokali anavuta. Papa Bénite, uliniambia iliraruliwa na musumari ya mu gari."

"Musumari pia ilikuwako," alisema Zorobabel.

Koko Victoire akasema anataka kipande kile kiingie ndani ya sinema kubwa, mahali pake, ili atakapokuja tena akikute. Zorobabel aliinuka kutoka kwenye kiti cha mashine, kiti ambacho hakuna aliyewahi kukikalia, akakivuta kidogo kuelekea kwa Melchior.

"Kaa. Unajua pa kukata."

Melchior alikaa kwenye ukingo tu, kama mtu anayekalia kiti cha askofu.

"Na njiwa, maître? Natoa?"

"Toa."

"Zote?"

Zorobabel alikuwa ameshajipenyeza kwenye divani, amebanwa kati ya mama yake na Mama Agar, magoti juu. Hakuwahi kuitazama kazi yake kutoka pale. Alifungua mdomo kujibu, lakini mama yake akamtangulia.

"Usizitupe, mutoto. Zipeleke zimufunike Ananie, pale anakula."